Lifti ya Kijani: Safari Moja ya Ughaibuni kwa Macho ya Watoto Wawili

Siku tuliporudi, bibi wa wanangu wawili aliwapandisha kitandani kwake akawauliza wameona nini huko walikotoka. Baba yao alikuwa amesimama mlangoni, anangoja kusikia habari za makumbusho, za mnara, za mto wenye madaraja. Mdogo, mwenye miaka 3 na nusu, alijibu papo hapo: "Niliona lifti." Dada yake wa miaka 6 akamsaidia: "Ya kijani. Na Baba hakujua kusoma."

Niliuona uso wa mume wangu. Safari ile aliiwekea akiba miaka miwili. Usiku alikuwa akikaa na ramani mezani, anapanga siku kwa siku, kwa sababu yeye utotoni hakuwahi kuvuka mpaka wowote na alitaka wanawe wavuke. Kisa hiki naanza kukiandika kutoka kwenye uso ule. Nilipoketi kuzirudia siku zile 10, moja baada ya nyingine, niliona kwamba watoto hawakuwa wamekosa shukrani. Walimweleza bibi yao, kwa usahihi kabisa, safari waliyosafiri wao. Yetu ilikuwa nyingine, ila tiketi zilikuwa za siku moja.

Nchi sitaitaja, maana haya yangeweza kutukuta popote penye lugha tusiyoijua. Yanayohitajika kujulikana ni machache. Tuliruka kuelekea magharibi, na tofauti ya saa ilikuwa 7. Huko kulikuwa na majira ya joto, jua linachelewa kuzama. Lugha ya wenyeji hatukuijua zaidi ya salamu na asante. Tulikodi chumba ghorofa ya 4 katika jengo lenye lifti ndogo iliyopakwa rangi ya kijani, ndani ina kitufe chenye taa.

Ushahidi wangu una sehemu tatu: daftari nililokuwa nikiandika maneno yao kila usiku, michoro waliyochora baada ya kurudi, na picha zaidi ya 200 ambazo Dada alizipiga kwa simu ya zamani tuliyomwachia. Picha hizo ndizo zilizonifumbua macho. Kichwa cha Dada kinanifika kiunoni, na simu alikuwa anaishika kifuani. Katika urefu huo dunia ni magoti, mikoba ya watu, uvungu wa meza, mifuniko ya chuma ya mitaro, pua za mbwa na magurudumu ya mabegi. Mnara ule maarufu umo katika picha moja tu, nao ncha imekatwa. Kitufe cha lifti kimo katika picha 11.

Mwanasaikolojia Mswisi Jean Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder, katika kitabu chao cha mwaka 1948, walieleza jaribio ambalo baadaye lilikuja kujulikana sana. Mtoto anaketishwa mbele ya mfano wa milima mitatu, mwanasesere anawekwa upande mwingine, kisha mtoto anaulizwa mwanasesere anaona nini. Watoto wadogo, wa miaka 4 hivi, huchagua picha ya kile wanachokiona wao. Nimelifikiria sana jaribio hilo tangu turudi. Katika safari yetu walioshindwa mtihani wa milima mitatu ni watu wazima wawili. Kila asubuhi tuliketi upande wetu wa meza tukachagua picha tunayoiona sisi, tukaamini nao wanaiona hiyo hiyo.

Njiani

Ndege ilipoanza kushuka, Dada aliamka analia, ameshika sikio la kushoto. "Ndege inaniingia sikioni," alisema, na sidhani kama kuna namna nzuri zaidi ya kueleza. Hewa ndani ya ndege iliyo juu angani hupunguzwa shinikizo hadi kufanana na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege inaposhuka shinikizo linapanda, na hewa inatakiwa ipite haraka kwenye mrija mwembamba unaotoka kooni kwenda sikio la kati ili pande mbili za ngoma ya sikio zilingane. Mrija wa mtoto ni mwembamba zaidi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo huziba kirahisi. Kumeza mate au kupiga miayo huufungua. Anayelala hamezi mara nyingi, na ndiyo maana tulikosea kumwacha alale mpaka chini. Mdogo alikuwa macho, ananyonya chupa yake ya maji, hakulalamika hata kidogo. Wakati wa kurudi tuliwaamsha wote wawili mapema, kabla ndege haijaanza kushuka, tukawapa cha kunywa. Hakuna aliyelia.

Kisha ikaja foleni ya uhamiaji. Picha ya Mdogo kwenye pasipoti ilipigwa akiwa na miezi michache, kichwa hakina nywele, macho yamevimba. Afisa alitazama pasipoti, akamtazama mtoto, akarudi kwenye pasipoti, akamtazama tena. Aliomba kwa ishara mtoto avue kofia ya sweta. Mimi nilikuwa nimekaza mkono kwenye fomu zetu mpaka zikajikunja, ingawa hatukuwa na kosa lolote. Usiku wa siku hiyo Mdogo alinieleza tukio kwa mtazamo wake: "Yule mjomba alikuwa ananitafuta kwenye kitabu. Hakuniona. Halafu akaniona." Aliyasema kwa utulivu, kama mtu aliyenusurika. Alikuwa ameelewa kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu mgeni anaweza kutokukuona wakati umesimama mbele yake. Sikujua la kumjibu, nikamfunika.

Siku tatu za kwanza

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kila mzazi aliyeruka mbali anayajua. Siku ya kwanza walilala saa 11 jioni jua likiwaka dirishani, wakaamka saa 7 usiku wanataka kucheza. Saa ya mwili hukaa ndani ya ubongo, katika kundi dogo la chembe hai lililo juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, na kinachoirekebisha zaidi ni mwanga. Makadirio ya kawaida ni kwamba mwili huhitaji kama siku 1 kwa kila saa 1 ya tofauti, na kwenda magharibi huwa nafuu kuliko kwenda mashariki. Tofauti yetu ilikuwa saa 7 na safari yetu siku 10. Ukipiga hesabu hiyo utaona kwamba sehemu kubwa ya likizo ile watoto walikuwa wakitembezwa na miili ambayo haijafika bado.

Dada aliona jambo jingine. Siku ya pili alimsikia baba yake akisema sasa ni saa 2 usiku, akatoka kwenye kibaraza kidogo cha chumba akatazama. Jua lilikuwa bado limeng'ang'ania juu ya mapaa. "Saa 2 usiku ina jua?" aliuliza. "Basi siyo usiku." Kwa Kiswahili saa zetu tunazihesabu tangu kucha na tangu kuchwa, na yeye ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kusoma saa. Elimu yake mpya ilikuwa imevunjwa na anga. Baba yake alichukua mpira akauinamisha, akamwonyesha jinsi dunia inavyolizunguka jua imelala upande. Alisikiliza kwa adabu. Alichokiandika rohoni, nafikiri, ni kwamba huku hata saa hazisemi kweli.

Katika siku hizo tatu tulikwenda mahali 7. Nimehesabu kwenye daftari.

Jambo ninalotaka kukaa nalo ni mashine ya tiketi. Ilikuwa siku ya pili, kituo cha treni cha chini ya ardhi, watu wametoka kazini. Mume wangu alisimama mbele ya mashine akabonyeza, ikamrudisha mwanzo. Akabonyeza tena, ikamrudisha. Nyuma yetu foleni ilianza kukua na mtu mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. Nilikuwa na kigari cha Mdogo mkononi na begi begani, natazama pembeni nisimwongezee aibu. Dada akamvuta shati. "Baba, hujui kusoma?"

Hakukasirika. Alichuchumaa pale pale, foleni ikiwa nyuma yake, akamwambia: "Herufi naziona. Maneno siyajui." Dada akamtazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi," akamshika mkono. Mtoto huyu alikuwa darasa la kwanza, bado anaburuza kidole chini ya maneno marefu, na mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba ukishakua hilo huisha. Pale kituoni aligundua kwamba kuna mahali ambapo baba yake naye anaburuza kidole. Sisi tulilichukulia kama usumbufu wa dakika 5. Kwake lilikuwa tukio kubwa kuliko mnara, na lilimfuata siku nzima. Kwenye chakula cha jioni alisoma herufi za kwenye karatasi ya orodha moja moja, kwa sauti, akamuuliza baba yake, "Hili pia hulijui?" Baba akakiri. Akaendelea na lingine.

Siku ya nne

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya makumbusho makubwa, na tiketi zilikuwa zimeshalipiwa kwa saa maalumu. Mimi ndiye niliyetupandisha treni isiyo yetu. Tulishuka vituo vitatu mbele, tukapanda ngazi, tukashuka ngazi, kigari kimebebwa juujuu. Nilikuwa sisemi. Watoto wangu wananijua ninapokuwa sisemi.

Tulifika tukakuta foleni inazunguka kona. Mdogo aliteremka kwenye kigari mwenyewe, akajilaza chini kwenye mawe, akaanza kulia kilio kile kisicho na machozi mwanzoni, cha mtoto aliyefika mwisho. "Nataka nyumbani. Nataka nyumbani." Baba yake alimwinamia akamweleza vizuri: nyumbani ni mbali, tutarudi kwa ndege, bado siku 6, sasa tunaingia kuona mifupa ya nyangumi. Kila neno lilimwongezea kilio. Watu walikuwa wakitupita. Mume wangu akaniangalia, nikamwona anakaribia kuvunjika yeye mwenyewe.

Aliyetutoa pale ni Dada. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ngazi, ametulia, kama anayesubiri wakubwa wamalize kukosea. "Mama," akasema, "hataki kule kwetu. Anataka kule kwenye lifti."

Nikamuuliza Mdogo. "Unataka lifti ya kijani?" Kilio kikakatika katikati. Akaitikia kwa kichwa.

Baba yake hakutaka tuondoke, na sitamlaumu. Tulisemezana pale pembeni, si kwa sauti kubwa. Alisema tukimfuata mtoto kila anapolia tungebaki kwetu tangu mwanzo. Mimi nilisema hajalia hivi tangu tufike. Mwishowe tuliziacha tiketi zikapita. Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, amembeba Mdogo begani. Tulipofika, Mdogo aliteremka, akanyoosha kidole akabonyeza 4, taa ikawaka, akainua uso kututazama mmoja mmoja. Mlango ulipofunguka alikimbia kwenye ukumbi akigusa kila mlango kwa kiganja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasimama kwenye wetu. "Tumefika nyumbani," alisema. Dakika 10 baadaye alikuwa amelala sakafuni na kiatu kimoja mguuni.

Nilivyokisoma kisa

Ilinichukua muda kukubali kwamba siku ya nne ilianza kupikwa siku ya tatu usiku, na mpishi ni mimi. Mdogo ana foronya. Ni ya mto wake wa tangu uchanga, rangi ya maziwa, pindo moja limelika kwa kunyonywa, na huiburuza kila aendako. Kufikia siku ya tatu ilikuwa imepita kwenye sakafu za viwanja vya ndege viwili na vituo vya treni nisivyovihesabu. Niliifua kwa sabuni ya kule, nikaitandaza dirishani. Asubuhi aliinusa, akaiweka chini, akaiokota, akainusa tena. Hakusema kitu. Niliona, nikafikiri ameipenda ilivyo safi.

Daktari wa watoto Mwingereza Donald Winnicott, katika makala yake ya mwaka 1953, aliandika kuhusu vitu hivi: kipande cha blanketi, kitambaa, mdoli, ambacho mtoto hukishika ili kuvuka kutoka kwa mama kwenda duniani. Alibainisha kwamba mama hukiacha kichafuke hata kinuke, kwa kuwa anajua kukifua ni kukata mwendelezo katika maisha ya mtoto. Kilichonisikitisha nilipoyasoma maneno hayo ni kwamba nilikuwa nalijua hilo bila kufundishwa. Kwetu siifui foronya bila kumwambia. Kule, kwa hofu ya uchafu wa ugenini, niliondoa harufu ya mwisho ya chumba chake.

Sasa weka pamoja. Mtoto hajalala usiku wake. Harufu yake imekwenda. Siku zake hazina mpangilio, na mpangilio kwa mtoto wa umri ule ndiyo saa yenyewe. Katherine Nelson, mwanasaikolojia Mmarekani aliyefanya utafiti wa kumbukumbu za watoto miaka ya 1970 na 1980, alionyesha kwamba watoto wadogo wanapoulizwa kuhusu mambo ya kila siku huyaeleza kama mfuatano: unafanya hivi, kisha unafanya hivi, kisha mnakwenda. Mfuatano huo ndio wanaousimamia kuelewa dunia. Mdogo hajui siku 6 ni nini, ila anajua kwamba baada ya kuoga ni hadithi na baada ya hadithi ni taa kuzimwa. Ugenini kila kitu kilikuwa cha mara ya kwanza, isipokuwa kimoja. Mara zote, tukitoka popote, tulirudi kwenye lifti ya kijani, akabonyeza 4, taa ikawaka. Ndiyo sehemu pekee ya nchi ile aliyokuwa ameielewa. Akaiita nyumbani, na alikuwa na haki.

Kisha kuna uso wangu asubuhi ile. Mwaka 1985 James Sorce, Robert Emde, Joseph Campos na Mary Klinnert walichapisha jaribio ambalo ningetamani kila mzazi alijue kabla ya kufunga mabegi. Waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo ambayo upande mmoja inaonekana kama ina shimo la wastani, si la kutisha sana wala si la kupuuza, na mama amesimama ng'ambo. Mama walioambiwa waonyeshe uso wa furaha, watoto wao 14 kati ya 19 walivuka. Walioonyesha uso wa hofu, watoto wao walikuwa 17, hakuvuka hata mmoja. Mtoto asiyejua kama mahali ni salama hatazami mahali. Anakutazama wewe. Ugenini kila ngazi, kila treni, kila mlango unaofunguka wenyewe ni kioo kile, na mimi asubuhi nzima nilikuwa nimekunja uso kwa ajili ya treni. Sisemi mzazi acheke wakati amepotea. Watoto hutambua tabasamu la kubandika. Lakini ningeweza kusema kwa sauti: "Tumekosea treni, tunashuka, tunarudi." Ukimya wangu waliutafsiri wenyewe.

Kuna watakaosema alikuwa amechoka tu. Ni kweli alichoka. Ila uchovu peke yake hauelezi kwa nini alitaja mahali mahususi, wala kwa nini kitufe kimoja kilimtuliza kabla hajalala.

Siku sita zilizobaki

Jioni ile mume wangu alichukua karatasi yake ya mipango akakata mistari. Tulibaki na jambo moja tu kila siku, nalo lifanyike asubuhi. Mchana ulikuwa wa bustani iliyokuwa karibu, bustani ile ile, benchi lile lile chini ya mti wenye shina lililopasuka. Siku ya kwanza ya mpango huu niliogopa watachoshwa. Siku ya tatu Mdogo alitutangulia mbio, akapiga benchi kofi mbili kama anayemsalimia mtu.

Mabadiliko makubwa yalikuwa kwa Dada, na wazo lilikuwa la baba yake. Alimwambia: "Mimi maneno ya huku siyajui, wewe unayajua macho yako. Tupeleke nyumbani kutoka kituoni." Akampa uongozi kweli, yaani hata alipokosea kona tulimfuata mpaka alipogundua mwenyewe. Alikuwa na ramani ambayo sisi hatukuiona: sanamu ya mbwa wa shaba ambaye pua yake imeng'aa kwa kushikwa, mlango wa bluu uliochanika rangi, mfuniko wa mtaro wenye nyota, kisha ukuta wenye ufa unaofanana na herufi Y. Vyote viko chini ya mita moja kutoka ardhini. Nimekaa mji ule siku 10 na nisingeweza kukutajia hata kimoja.

Mwaka 1975 Martin Hughes alifanya jaribio linalompinga Piaget kwa upole. Aliwapa watoto wa miaka 3 na nusu hadi 5 mchezo wa kumficha mwanasesere nyuma ya kuta asionwe na polisi wawili wanaotazama kutoka pande tofauti. Karibu 9 katika kila majibu 10 yalikuwa sahihi. Watoto wale wale wanaodhaniwa hawawezi kutoka nje ya macho yao wenyewe waliweza, pale walipopewa kazi ambayo kusudi lake wanalielewa. Kujificha wanakuelewa. Milima ya mfano haiwahusu. Nilimwona Dada hivyo hivyo. Alipokuwa anaburutwa kuona vitu, aliuliza tutaondoka lini. Alipokuwa na kazi ya kutufikisha, alianza kutazama, na hakumuuliza tena baba yake kama anajua kusoma. Siku ya nane alitusimamisha mbele ya mlango wa bluu akasema, "Hapa Mama huwa anachoka, tupumzike." Ilikuwa kweli. Ni pale ambapo huwa nahamisha begi bega. Alikuwa ameniona.

Makumbusho tulikwenda siku ya tisa, kwa saa moja na nusu, tukamtazama nyangumi tu tukatoka. Mdogo alilala chali chini ya mifupa akahesabu mbavu mpaka namba zake zikaisha, akaanza upya. Baba yake akalala naye.

Kuhusu foronya sikuwa na la kufanya zaidi ya kumwomba radhi. Nilimwambia, "Niliifua bila kukuambia." Akajibu, "Inanuka kwa watu." Nililala nayo shingoni siku mbili kabla hajaikubali tena.

Baada ya kurudi

Kurudi mashariki kuliwachosha zaidi ya kwenda, kama inavyotarajiwa. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kujua kwamba Mdogo ataisahau safari hii karibu yote. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya umri wa miaka 3 hadi 3 na nusu, na hata zile ambazo mtoto anazo leo huyeyuka. Patricia Bauer na Marina Larkina walifuatilia watoto na matukio yaliyowapata wakiwa na miaka 3, wakachapisha matokeo mwaka 2014: walioulizwa wakiwa na miaka 5 hadi 7 walikumbuka asilimia 60 au zaidi ya matukio yale, na walioulizwa wakiwa na miaka 8 au 9 walikumbuka chini ya asilimia 40. Utafiti wa Robyn Fivush na wenzake unaonyesha kwamba mzazi anayesimulia na mtoto, anayemuuliza na kuongezea juu ya kile alichosema mtoto, humsaidia kujenga kumbukumbu zenye nyama zaidi. Nasisitiza: alichosema mtoto. Kwa wiki ya kwanza mume wangu alikuwa akimuuliza, "Unakumbuka mnara?" na Mdogo akinyamaza. Nilipomuuliza lifti ilikuwa na taa rangi gani, maneno yalifunguka: lifti, ukumbi, milango, mvua iliyotukuta, baba akimbeba, baba kanyamaza, baba alikuwa na huzuni. Hiyo ya mwisho hakuna aliyekuwa amemwambia.

Huwa anaongeza mambo. Anasema mbwa wa shaba alitikisa mkia. Simkosoi.

Nimeulizwa na wenzangu kama ilifaa kumpeleka mtoto wa umri ule mbali kiasi kile. Kwa ajili ya mnara, hapana. Kwa Dada ilifaa, naona matunda yake kila anapokutana na neno gumu asilishtukie. Kwa Mdogo naamini ilifaa kwa sababu moja ambayo haikuwa kwenye mpango: alikuwa hajawahi kupata baba na mama mchana kutwa, siku 10 mfululizo, ndani ya chumba kimoja. Kama tungekwenda karibu zaidi angepata hilo hilo na usingizi wake. Safari ijayo itakuwa fupi, saa hazitabadilika, na foronya itakwenda chafu.

Mwezi uliopita mume wangu alichapisha picha chache ili atundike moja sebuleni. Alizitandaza sakafuni akamwambia Dada achague. Nilijua anatarajia ile ya nyangumi. Dada alizipitia zote akachukua moja iliyotikisika kidogo: mgongo wa mwanamume mbele ya mashine, shati limetoka nje, mkono mmoja umeinuliwa hewani haujaamua kitufe cha kubonyeza. Baba yake aliishika muda mrefu.

Mdogo akaja akaitazama, akauliza yeye yuko wapi. Dada akamwonyesha pembeni kabisa, chini, pale kigari kilipokatwa na ukingo wa picha. Unaonekana mkono mdogo tu, na kipande cha foronya, kabla sijaifua.